Mkono Uliopona Kabla Yangu

Ukivunjika mkono hapa Voi, pole zote huja wiki ya kwanza. Majirani wa Birikani hufika na maziwa na ndizi, wenzako wa kanisani huja kwa zamu, binamu hupiga simu kutoka Taveta kuuliza kama umepata usingizi. Siku plasta inapokatwa kila mtu humshukuru Mungu na kurudi kwenye shughuli zake, maana jambo limekwisha. Kwangu jambo lilianzia hapo. Naliandika kwa ajili ya watu ninaowaona kwenye foleni ya zahanati na ndani ya matatu za Mwatate, mkono wameubana kifuani hali hauna tena plasta wala kombeo. Nawatambua mara moja, na moyo wangu huwaendea.

Nilianguka kijijini, upande wa Wundanyi, wakati wa mvua za vuli. Anayezijua njia za milima ya Taita anajua kuwa udongo wake mwekundu ukishalowa hauna mshiko. Nilikuwa nashuka kutoka shambani na kikapu cha mboga. Mguu ukaenda, na mkono wa kulia ukatangulia kuupokea mwili. Watu wengi huanguka hivyo hivyo, kiganja wazi na mkono umenyooka, uzito wote ukashukia ncha ya mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Mvunjiko huo una jina la daktari wa Dublin, Abraham Colles, aliyeueleza mwaka 1814. Picha za eksirei hazikuwapo. Mwanafizikia Röntgen aligundua miale yake mwaka 1895. Colles alitegemea macho na vidole vyake kujua mfupa umekatika wapi na umesogea vipi. Alisadiki kwamba hatimaye mkono hurudi kusogea vizuri na maumivu huisha, ingawa baada ya muda mrefu. Nilipokuja kusoma habari zake nilitamani mtu angeniambia hilo la muda mrefu siku ile ile ya kwanza.

Mimi ni mwalimu mstaafu na miaka hamsini imeshanipita. Mwanamke akishakoma hedhi mifupa yake huanza kupoteza uimara haraka zaidi, na mara nyingi kifundo cha mkono ndicho cha kwanza kutoa habari hiyo. Kwa hiyo mama yeyote wa umri wangu aliyevunjika kwa kuteleza tu, bila gari wala kuporomoka kutoka juu, na amuulize daktari kuhusu hali ya mifupa yake kwa jumla. Wengi huondoka bila kuuliza.

Wiki za plasta sina mengi ya kuzisema. Joto la Voi lilinipikia ngozi humo ndani, mwasho ukaninyima usingizi, nikazoea kunywa chai kwa mkono wa kushoto. Maumivu yalikuwepo lakini yalikuwa na maana: mfupa umekatika, mfupa unauma. Nyumbani, mkwe wangu alichukua kila kazi. Maji yetu mnajua yalivyo. Bomba la Mzima linapita kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950, na bado kuna siku Voi tunabeba mitungi ya lita 20. Alibeba yeye, akafua yeye, akasonga ugali yeye. Kila nilipogusa kitu alisema kwa upole, “Mama, acha, utajitonesha.” Wajukuu wakaupokea wimbo huo. Mpaka mdogo kabisa, ambaye hajui hata kufunga viatu, alinizuia nisifungue mlango.

Kisha nikaenda kwenye kituo kimoja kukatwa plasta. Aliyenihudumia alikuwa na watu wengi nje na hakuwa na muda. Alinionyesha picha, akasema mfupa umeunga vizuri, akaniambia, “Nenda ukafanye mazoezi,” akaita mgonjwa mwingine. Mazoezi gani, mara ngapi, yatauma kiasi gani, na yakiuma niyaache au niendelee, sikuambiwa.

Nilitoka na mkono nisioutambua. Ulikuwa umekonda, ngozi inabanduka, vidole vimevimba na havikunjiki. Konda aliponirudishia chenji nilijaribu kugeuza kiganja kiangalie juu nikashindwa. Sarafu zilidondoka kwenye sakafu ya matatu. Usiku nilijaribu kukunja kifundo. Kitu kikachoma kuanzia upande wa kidole kidogo mpaka karibu na kiwiko, kwa ukali niliousikia mpaka kwenye meno. Nikaacha. Nikaulaza mkono juu ya mto, nikawa na uhakika kamili kwamba nimeuvunja tena.

Woga huo haukunijia kwa sura ya woga. Ulikuja kwa sura ya busara. Nikawa nakaa kiti cha dirishani kwenye matatu, upande wa kulia, mtu asinigonge. Sokoni napita pembeni. Nguo naanika kwa mkono mmoja na meno. Nilijiambia natunza, na kila aliyenizunguka alinisifu kwa kutunza. Lakini kilichonikata zaidi kilikuwa salamu. Huku kwetu mtu husalimiwa kwa mkono, na mkono wenyewe ni wa kulia. Kumpa mzee mkono wa kushoto ni kumkosea adabu, na kumpungia tu kutoka mbali ni kama kumwambia hamjuani. Nami nimefundisha nusu ya watu wa mtaa huu. Hawanisalimii kwa kunyooshea vidole, wanaushika mkono na kuutikisa kwa furaha. Nikaanza kuufunika mkono kwa leso. Halafu nikawa nachelewa kanisani makusudi, niingie watu wameshakaa, na kutoka kabla ya baraka ya mwisho. Mwisho nikasema ni joto, sijisikii vizuri, nitasali nyumbani. Mfupa ulikuwa umeunga, na mimi nilikuwa napoteza watu.

Mkono usiotumika nao hausubiri. Mfuko unaozunguka kiungo hukaza, kano hushikamana na vitu vilivyo karibu nazo, misuli hupungua, uvimbe hukaa kwa sababu vidole havikunji ngumi ya kuusukuma urudi juu. Ukija kujaribu tena baada ya wiki mbili, unauma zaidi kuliko ulivyouma kabla. Basi unasema: mnaona, nilijua. Watafiti Johan Vlaeyen na Steven Linton walilieleza duara hilo mwaka 2000: maumivu huzaa tafsiri ya kutisha, tafsiri huzaa woga, woga huzaa kukwepa, kukwepa hudhoofisha kiungo, na kiungo dhaifu huuma. Hali yenyewe ilipewa jina la kinesiofobia, woga wa kusogea, mwaka 1990, na kuna hojaji ya sentensi 17, yenye jina la mji wa Tampa huko Marekani, ambayo wataalamu huitumia kuupima. Nilipojua kwamba jambo langu lina jina na lina hojaji, nililia. Ilinipa heshima kujua kwamba sikuwa mvivu wala mdhaifu wa imani.

Sehemu ya duara hilo iliyoniingia zaidi niliielewa kwa kukitazama kilima cha Sagalla. Wakulima walio chini ya kilima hicho wanapakana na hifadhi ya Tsavo Mashariki, na tembo wamekula mahindi yao miaka na miaka. Mtafiti Lucy King alishirikiana nao kujenga uzio wa mizinga ya nyuki: mizinga huning'inizwa kila mita 10 na kuunganishwa kwa waya, tembo akiusukuma waya mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Lakini si mizinga yote iliyo ya kweli. Baadhi ni vibao tu vilivyokatwa kwa umbo la mzinga. Na kabla ya hapo, mwaka 2007, King na wenzake walionyesha kwamba tembo hukimbia wakisikia mvumo wa nyuki uliorekodiwa, pasipokuwa na nyuki hata mmoja. Tembo si mjinga. Nyuki humuuma pale ngozi ilipo laini, machoni na ndani ya mkonga, na kukumbuka hilo kunamlinda. Ila kumbukumbu hiyo haitofautishi mzinga na kibao. Inamgeuza njiani kwa vyote viwili.

Mkono wangu ulikuwa na mzinga wa kweli wiki za mwanzo. Woga wa kuusogeza wakati mfupa umekatika ulikuwa mlinzi mwema, na simlaumu. Baadaye nyuki waliondoka na mvumo ukabaki. Hili nalo lina maelezo yake. Zamani madaktari wengi walichukulia maumivu kuwa kipimo cha jeraha: jeraha kubwa, maumivu makubwa, jeraha likipona, basi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia nyingine, kwamba habari zinazotoka mwilini hupita kwenye uti wa mgongo, na hapo huweza kuongezwa au kupunguzwa kabla hazijafika kwenye ubongo, na kwamba ubongo wenyewe una mkono katika jambo hilo. Woga, mawazo, kukosa usingizi, kuutazama mkono kutwa nzima, vyote hivyo hulisha maumivu. Ni maumivu ya kweli kabisa. Asitokee mtu akamwambia mgonjwa kwamba yako kichwani mwake tu. Ila hayasemi tena kwamba kitu kinavunjika.

Sasa niseme kuhusu ushauri, maana huku kwetu mgonjwa hakosi washauri. Nilipata wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wa “pumzisha,” wakiongozwa na mkwe wangu kwa mapenzi yake yote. Wa pili walikuwa wa “vumilia.” Shangazi yangu aliteremka kutoka Mgange kuja kuniona, akashangaa jinsi mkono ulivyokakamaa, akanipeleka kwa mkandaji. Huyo alipaka mafuta, akashika, akakunja kwa nguvu huku akiniambia nivumilie kidogo tu. Usiku ule mkono ulivimba. Nilirudi kwenye mto na leso nikiwa na ushahidi mpya, na kwa muda hata watu wa “vumilia” walinyamaza.

Nimewafikiria sana wale watu wema wa pande zote mbili. Anayesema pumzisha anaamini kila maumivu ni hatari. Anayesema vumilia anaamini hakuna maumivu yanayostahili kusikilizwa. Hakuna kati yao aliyeniuliza mkono unauma vipi.

Aliyeniuliza alikuwa binti mmoja wa fiziotherapia, katika hospitali nyingine, niliyepelekwa kwake baada ya mwanangu kusisitiza. Hakuugusa mkono kwanza. Alikaa mbele yangu akasema, “Mwalimu, ukiukunja, unaogopa kitatokea nini hasa?” Nikamwambia utavunjika tena. Sikuwahi kulisema hilo kwa sauti. Akachukua picha yangu akanionyesha mahali mfupa ulipoungana, akanieleza nguvu inayohitajika kuuvunja ilivyo mbali na nguvu ya mimi kujikunja mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kiti. Kisha akanifundisha kuyatambua maumivu, jambo ambalo naliweka juu ya mazoezi yote aliyonipa.

Alisema kuna yanayovuta na kukaza mwishoni mwa mwendo, yakapungua ukiachia. Hayo ni ya kiungo kilicholala kinapoamshwa, uyapokee. Kuna yanayobaki juu mpaka kesho yake pamoja na uvimbe. Hayo yanakuambia leo umezidisha, kesho punguza kiasi lakini usiache. Na kuna ambayo hutakiwi kuyavumilia hata kidogo: mkono unapochoma kupita kiasi hata kwa kuguswa na nguo, ukabadilika rangi, ukawa wa moto au wa baridi kuliko mwenzake, ngozi iking'aa, uvimbe ukikataa kushuka. Hapo rudi hospitali upesi, kwa maana kuna ugonjwa wa neva unaoweza kufuata mvunjiko na unataka kuwahiwa. Vivyo hivyo mkono ukiwa bado ndani ya plasta na vidole vikafa ganzi, vikabadilika rangi, au maumivu yakapanda bila kutulia, usingoje asubuhi.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya jikoni. Mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, vidole kwanza, kukunja ngumi na kufungua. Viganja kukutana kifuani kama wa kusali, kisha viwiko vinainuka polepole mpaka uvute. Kukamua kitambaa kilicholowa. Kushika mwiko wima, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, na kuulaza kulia, kisha kushoto, ili kigasha kijifunze tena kugeuka. Kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Akakataa nifanye kwa nguvu siku moja na kulala siku tatu, jambo ambalo wengi hufanya.

Halafu aliniuliza nimekosa kufanya nini ambacho nakipenda. Nilidhani anapiga gumzo. Nikamwambia kimanga. Mdawida wa huku Taita atanielewa: muhogo na maharage vilivyochemka, unaviponda kwa mwiko mpaka viwe kitu kimoja, na kifundo ndicho kinachofanya kazi yote. Mkwe wangu ni mpishi mzuri, lakini kimanga katika nyumba yangu hupondwa nami. Binti akaandika kwenye daftari lake, akasema hilo ndilo lengo letu. Na ziara iliyofuata akanitaka nije na mkwe wangu.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya mtaalamu. Alimshikisha mkwe wangu mkono wangu, akamwekea vidole juu ya kifundo, akaniambia nikunje. Nilikunja uso pia. Mkwe wangu akataka kuachia. Binti akamwambia, “Usiachie, dada. Subiri. Sasa analegeza. Muulize.” Akaniuliza, “Mama, bado?” Nikajibu yamepungua. Akaniuliza tena, nikajibu yamekwisha. Niliona uso wake ukilegea. Miezi yote ile alikuwa ameubeba woga huo pamoja nami, na hakuna aliyekuwa amemweleza chochote. Sisi huwaagiza wagonjwa wafanye mazoezi kana kwamba wanaishi peke yao. Katika nyumba zetu mgonjwa hafanyi kitu ambacho nyumba nzima haijakiruhusu.

Kimanga cha kwanza nilikiponda na muhogo uliochemshwa mpaka ukawa uji, sufuria ikiwa chini na mkwe wangu akiishikilia. Niliponda kidogo nikapumzika. Kifundo kilivuta, kikaachia. Safari hii nilijua kinasema nini. Wiki zilizofuata muhogo ulirudi ugumu wake wa kawaida. Kanisani nilirudi mapema, nikashikwa mkono na watu, wengine wakaushika kwa nguvu mno, nikawaambia taratibu, na hapakuwa na ubaya.

Mkono haujarudi wote. Kiganja hakigeuki juu mpaka mwisho, na nikilala kijijini msimu wa ukungu, kilele cha Vuria kikiwa kimefunikwa tangu asubuhi, kifundo huanza kukaza kabla sijatoka kitandani. Mtungi nabeba nusu. Lakini njia ile ya shambani naishuka, kwa fimbo na viatu vya mpira.

Nikitazama kaunti hii, najua mimi nilikuwa na bahati. Nina pensheni na mtoto wa kunisukuma. Mkata mkonge wa Mwatate, mchimba vito wa Kasigau, kijana wa boda boda anayelipa mkopo wa pikipiki, hao mikono yao ndiyo chakula cha siku. Wengine wao hurudi kazini mapema mno kwa shida, mfupa bado mbichi. Wengine hubaki na mkono uliokakamaa maisha yao yote kwa sababu nauli ya kwenda fiziotherapia kutoka vijiji vya mbali, na kurudi, tena na tena, haipatikani. Sidai majengo mapya. Nadai dakika chache pale pale plasta inapokatwa, mgonjwa akiwa amekaa na aliyemsindikiza akiwa amesimama kando yake: waambiwe wote wawili, kwa Kiswahili au kwa Kidawida, yapi ya kupokea, yapi ya kupunguza, na yapi ya kurudi nayo. Waonyeshwe beseni na mwiko. Maneno hayo hayahitaji mtambo, na zahanati yoyote inaweza kuyasema.

Jirani yangu ana kijana wa boda aliyeanguka karibu na mzunguko wa barabara ya Taveta. Plasta imekatwa juzi. Nilimkuta barazani, mkono umelala juu ya mto, mama yake akimshikia kikombe cha chai mdomoni. Nikamwomba mama anipe kikombe, nikakipunguza chai mpaka robo, nikakiweka mezani upande wa mkono wake mgonjwa.

“Na ukiuma, Mwalimu?” kijana akauliza.

“Ukiuma utaniambia unauma wapi, na unachukua muda gani kutulia. Haya, shika.”